Abdul-Latif wa Baghdad: Tabibu Aliyechunguza Mataya Elfu Mbili

Ndugu msomaji, hebu weka kidole kimoja mbele ya kila sikio, kisha fumbua kinywa polepole na kukifumba tena. Utahisi chini ya ngozi vifundo viwili vidogo vikizunguka mahali pake, halafu vikiteleza kwenda mbele kadiri kinywa kinavyozidi kuwa wazi. Hicho ndicho kiungo cha taya, ambacho hufanya kazi tangu mtoto anyonyapo ziwa la mama yake hadi mzee atamkapo wasia wake. Utatambua pia kwamba vifundo hivyo viwili huondoka pamoja na kurudi pamoja. Hakuna mtu awezaye kuufungua upande wa kulia na kuuacha wa kushoto umetulia kabisa.

Sababu yake ni kwamba taya la chini la mtu mzima ni mfupa mmoja tu, uliopinda mfano wa upinde, nao umening'inia kwenye fuvu kwa viungo viwili. Mwanafunzi wa utabibu hufundishwa jambo hili mwanzoni kabisa mwa masomo yake, wala halimshangazi. Hata hivyo, kwa muda wa miaka ipatayo elfu moja matabibu wa mataifa makubwa walifundishana kinyume chake. Walisema kwamba taya la chini ni mifupa miwili iliyoungana kidevuni. Walisema hivyo kwa kuwa kitabu kilisema hivyo, na mwandishi wa kitabu hicho alikuwa mtu ambaye hapana aliyethubutu kumpinga.

Katika makala haya tumeazimia kueleza maisha ya mtu aliyetazama mfupa wenyewe na kuandika alichokiona. Mtu huyo ni Abdul-Latif wa Baghdad, tabibu, mwanafalsafa na msafiri wa karne ya 12 na 13.

UTOTO NA MASOMO

Jina lake kwa urefu lilikuwa Muwaffaq al-Din Abdul-Latif bin Yusuf. Alizaliwa mwaka 1162 mjini Baghdad, wakati mji huo ulipokuwa makao ya Makhalifa wa ukoo wa Abbas na kituo kikubwa cha elimu. Baba yake alikuwa mtu wa vyuoni, mjuzi wa Hadithi na wa sheria, naye hakutaka mwanawe apoteze siku hata moja katika michezo. Kwa hiyo utoto wa Abdul-Latif ulipita mbele ya walimu. Alihifadhi Kurani, kisha akahifadhi vitabu vya sarufi, vya lugha na vya mashairi, kama ilivyokuwa desturi ya wanafunzi wa zama hizo.

Baba yake alimpeleka kwanza kwa Kamal al-Din al-Anbari, mwanachuoni mkubwa wa lugha ya Kiarabu mjini humo. Mzee huyo alisema maneno mengi ya kina, na wanafunzi wakubwa wakastaajabu kwa uzuri wake, lakini mtoto hakuelewa hata neno moja. Mzee akakiri kwamba kufundisha watoto si kazi yake, akaagiza apelekwe kwa mwanafunzi wake aitwaye al-Wajih al-Wasiti. Al-Wajih alikuwa kipofu. Alimpokea mtoto kwa upole, akamfundisha tangu asubuhi hadi usiku, akimrudia somo kwa njia mbalimbali mpaka lilipomkaa moyoni. Kisha wakawa wanakwenda pamoja kwa mzee al-Anbari, mwalimu na mwanafunzi wake, wakisikiliza darasa moja. Taratibu yule mtoto asiyeelewa kitu akaanza kumpita mwalimu wake kwa wepesi wa kuhifadhi na kufahamu.

Alipokuwa kijana alianza kusoma falsafa, tiba na elimu ya maumbile. Alivutwa pia na kemia ya kale, ile ambayo watu wake walidai kwamba wanaweza kuigeuza risasi na shaba kuwa dhahabu. Alivisoma vitabu vya kazi hiyo kwa bidii na kuyafanyia majaribio yaliyoandikwa humo. Mwishowe alitambua kwamba ni upotevu wa umri na wa mali, na kuanzia hapo hakuacha kuwaonya watu juu yake. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa maana ni mara ya kwanza tunamwona Abdul-Latif akikiacha alichosoma baada ya kukijaribu mwenyewe.

SAFARI NA KAMBI YA SALAHUDDIN

Mnamo mwaka 1189 aliona kwamba Baghdad haimtoshelezi tena. Akatoka, akaenda Mosul, ambako alikaa mwaka mmoja akifundisha. Kutoka hapo alishuka hadi Damascus. Wakati huo vita vya Msalaba vilikuwa vimepamba moto, na Sultani Salahuddin al-Ayyubi, aliyekwisha utwaa mji wa Jerusalem mwaka 1187, alikuwa amepiga kambi nje ya mji wa Akka, akipambana na majeshi yaliyotoka Ulaya.

Abdul-Latif alikwenda hadi kambini. Hakwenda kupigana; alikwenda kuwatafuta wenye elimu waliokuwa wakimtumikia Sultani. Mkubwa wao alikuwa Kadhi al-Fadil, katibu mkuu wa dola, ambaye Abdul-Latif alimkuta akiandika barua kwa mkono wake mwenyewe huku akiwatamkia makatibu wawili barua nyingine mbili. Kadhi huyo alimhoji maswali ya lugha, akaridhika naye, akampa barua ya kumtambulisha kwa wakuu wa Misri.

Kwa barua hiyo Abdul-Latif alipokelewa Cairo kwa heshima, akapewa nyumba, nafaka na fedha. Alikuwa na hamu ya kukutana na wanavyuoni kadhaa wa mji huo. Mmoja wao alikuwa Musa bin Maimun, Myahudi aliyezaliwa Hispania, mwanafalsafa na tabibu wa wakuu wa Misri, ambaye Ulaya wamemzoea kwa jina la Maimonides. Abdul-Latif alikiri kwamba alikuwa mtu wa fadhila kubwa, ila alimwona anapenda mno ukuu na kuwatumikia wakubwa wa dunia. Mwingine, Abu'l-Qasim, mtu asiyejulikana sana leo, ndiye aliyemgeuza fikira. Alimwelekeza kwenye vitabu vya wanafalsafa wa kale wenyewe, yaani Aristotle na wafuasi wake, na kwenye vitabu vya al-Farabi, badala ya kutegemea sana vitabu vya Ibn Sina, ambavyo Abdul-Latif alikuwa amevitukuza tangu ujana.

Baada ya vita kusitishwa kwa mapatano mwaka 1192, Abdul-Latif alikutana na Salahuddin mwenyewe mjini Jerusalem, akaandikiwa posho ya dinari 30 kila mwezi ili afundishe Damascus. Sultani alifariki mwaka uliofuata, 1193. Wanawe walimwongezea Abdul-Latif posho hiyo, na mmoja wao, al-Malik al-Aziz, aliyeitawala Misri, akaenda naye Cairo.

MWALIMU WA AL-AZHAR

Mjini Cairo maisha yake yalikuwa na utaratibu madhubuti. Asubuhi alifundisha katika msikiti wa al-Azhar. Adhuhuri walikuja wanafunzi wa tiba na wengineo. Jioni alirejea al-Azhar kufundisha kundi jingine, na usiku alibaki na vitabu vyake mwenyewe. Hakuwa tabibu wa kuandika dawa tu. Alikuwa na jicho la kuangalia kila kitu. Aliandika juu ya mimea ya Misri, juu ya mamba na viboko wa Mto Nile, na juu ya matanuri ambayo Wamisri waliyatumia kuangulia mayai ya kuku bila ya kuku mwenyewe.

Alitembelea pia mapiramidi na magofu ya Memphis, akayapima na kuyaeleza kwa makini. Alishuhudia jinsi al-Malik al-Aziz alivyoshawishiwa kuibomoa piramidi ndogo miongoni mwa zile tatu za Giza. Watu wengi walipelekwa na vifaa vyao, wakahangaika muda wa miezi minane, na mwisho wakaondoka wakiwa wameacha kovu tu upande mmoja. Abdul-Latif alisikitika kwa jambo hilo. Aliamini kwamba kazi za watu wa kale zapaswa kuhifadhiwa kwa sababu ni ushahidi wa mambo yaliyopita.

Hivyo ndivyo alivyokuwa ulipofika msiba ulioitikisa Misri yote.

GALEN NA KITABU CHAKE

Kabla hatujaueleza msiba huo, hatuna budi kumtaja kwa ufupi yule aliyesema kwamba taya la chini ni mifupa miwili. Huyu alikuwa Galen, ambaye Waarabu walimwita Jalinus. Alizaliwa Pergamon, katika nchi iitwayo leo Uturuki, mnamo mwaka 129, akawa tabibu mashuhuri huko Rome hata akamtibu mfalme Marcus Aurelius. Aliandika vitabu vingi mno juu ya kila tawi la utabibu. Katika karne ya 9 Hunain bin Ishaq na wenzake wa Baghdad walivifasiri katika Kisiria na Kiarabu, navyo vikawa msingi wa masomo ya tiba katika nchi za Kiislamu, na baadaye Ulaya. Ibn Sina naye, katika kitabu chake kikubwa cha tiba, alilifuata neno lake juu ya taya.

Galen hakuwa mwongo, wala hakuwa mvivu. Tatizo lake ni kwamba desturi za Rome hazikuruhusu kupasua maiti ya binadamu. Alipasua nyani, nguruwe na wanyama wengine, kisha akayahamisha kwa binadamu mengi aliyoyaona kwao. Mbwa na ng'ombe, kwa mfano, wana taya la chini lenye pande mbili ambazo haziungani kabisa kidevuni hata wakiwa wakubwa. Binadamu naye huzaliwa hivyo hivyo. Mtoto mchanga ana nusu mbili za taya zilizoshikanishwa kwa tishu laini, lakini nusu hizo huungana na kuwa mfupa mmoja katika mwaka wake wa kwanza, na kwa mtu mzima hapabaki kiungo.

Jambo ambalo wafuasi wa Galen walilisahau ni kwamba yeye mwenyewe aliwahimiza matabibu wasitosheke na vitabu. Aliwashauri wasafiri hadi Alexandria, huko Misri, ambako katika zama zake wanafunzi waliweza kuonyeshwa mifupa ya binadamu, wakaitazame kwa macho yao. Ilipita miaka elfu moja, na aliyeufuata ushauri huo akamkosoa mshauri alikuwa hukohuko Misri.

NJAA YA MISRI

Maisha ya Misri yalitegemea mafuriko ya Mto Nile. Maji yakipanda dhiraa 16, mashamba hunyweshwa na watu hula. Mwaka 1200 mto ulipanda dhiraa 12 na vidole 21 tu, kisha ukashuka. Kiasi hicho kilikuwa kidogo kuliko karibu miaka yote iliyokumbukwa. Nafaka ikapotea sokoni. Watu wa vijijini wakafurika mijini, na wengine wengi wakahama kwenda Sham, Hijazi, Yemeni na nchi za Maghribi, na wengi wao wakafia njiani. Mwaka 1201 maji yakapungua tena, na njaa ikafuatana na maradhi.

Abdul-Latif hakukimbia. Alibaki na kuandika, na maandiko yake juu ya miaka hiyo ni miongoni mwa yale ambayo msomaji huyasoma kwa kutetemeka. Watu walikula mizoga, mbwa na kinyesi. Halafu walifikia kula watu, na hata watoto. Mwanzoni habari hizo zilimtisha kila azisikiaye, na waliokamatwa walichomwa moto. Baadaye zikazoeleka, na mazoea hayo yakamtisha Abdul-Latif zaidi kuliko tendo lenyewe. Vijiji vilivyokuwa na maelfu ya watu vilibaki vitupu, msafiri akipita haoni ila maiti milangoni. Wazazi waliwauza watoto wao kwa bei ya chakula cha siku chache. Maiti za maskini zilizozikwa kwa gharama ya serikali mjini Cairo na kuandikwa katika daftari zilikaribia 111,000 katika muda wa miezi 22, na hao ni wale tu waliohesabiwa.

Mwaka 1202 mto ulipanda tena kama kawaida, na msiba ukaanza kupungua, ingawa mwaka huohuo palitokea tetemeko kubwa la ardhi lililoharibu miji ya Sham na kusikika hadi Misri.

KILIMA CHA MIFUPA

Wakati huo wanafunzi wake walikuwa wakisoma naye elimu ya viungo vya mwili katika vitabu vya Galen. Somo lilikuwa gumu. Maneno ya kitabu yalieleza umbo la mfupa, mahali pake na namna unavyoungana na mwenzake, lakini wanafunzi hawakuweza kuiona picha yake akilini, na mwalimu naye hakuwa na kitu cha kuwaonyesha. Hapo ndipo walipopata habari kwamba huko al-Maqs, kando ya Cairo, kuna kilima kilichojaa mifupa ya watu.

Walikwenda. Walikuta rundo kubwa la mabaki ya binadamu, mengine mapya na mengine ya zamani kidogo, hata Abdul-Latif akakadiria kwamba waliolala hapo walipata watu 20,000 au zaidi. Hao walikuwa watu wa njaa: wakulima waliokimbilia mjini, mayatima na maskini wasio na wa kuwazika. Hatujui jina la hata mmoja wao. Lakini miongoni mwa mifupa yao elimu ya binadamu juu ya mwili wake ilipiga hatua, na sisi tunaona ni wajibu kuwakumbuka pamoja na yule tabibu.

Abdul-Latif aliokota taya la chini, akalitazama kidevuni ambapo Galen alisema pana kiungo. Hakukiona. Alitazama jingine, na jingine. Hakutosheka na machache, akijua uzito wa jina la Galen. Yeye na wenzake walichunguza mafuvu zaidi ya 2,000, kwa kila njia waliyoweza kuibuni, wasione hata katika moja alama ya kiungo wala ya mshono. Akafanya jambo jingine la busara: aliwaomba watu wengine nao wachunguze, wengine mbele yake na wengine bila ya yeye kuwapo, asije akawa anadanganywa na jicho lake mwenyewe. Wote walirudi na jibu lilelile. Baadaye alikwenda kwenye makaburi ya kale ya Busir, walikozikwa watu wa zamani sana, akachunguza tena. Alifikiri kwamba pengine kiungo kilichojificha katika mifupa mipya kingejitokeza katika mifupa iliyochakaa kwa miaka mingi. Huko nako taya lilikuwa mfupa mmoja.

Alichunguza vilevile ule mfupa ulio mwisho wa uti wa mgongo, baina ya nyonga, ambao Galen alisema umeundwa kwa mifupa sita. Katika huu aliona tofauti kati ya maiti na maiti, na kwa hiyo alieleza wazi kwamba hana uhakika nao kama alivyo na uhakika wa taya. Unyofu huu wa kutenganisha la yakini na lisilo yakini ni sehemu ya thamani ya kazi yake.

Katika kueleza matokeo hayo Abdul-Latif hakumtukana Galen. Alimtaja kwa heshima kuwa mtu aliyefikia upeo wa uangalifu katika kazi yake. Ila alisema kwamba ushahidi wa hisi za binadamu ni wa kweli zaidi kuliko neno la Galen, na kwamba msomaji asione vibaya kuuamini.

MAANA YAKE KWA TIBA

Huenda msomaji akauliza: ina faida gani kwa mgonjwa kujua kwamba taya ni mfupa mmoja au miwili? Faida yake ni kubwa. Mtu akipigwa kidevuni au akianguka kifudifudi, nguvu ya pigo hupita katika mfupa wote hadi kwenye ncha zake mbili zilizo mbele ya masikio. Mara nyingi mfupa huvunjika huko juu, kwenye shingo nyembamba iliyo chini ya kiungo, ingawa pigo lilikuwa chini kidevuni. Tabibu anayejua kwamba taya ni mfupa mmoja huchunguza pande zote mbili. Tena, mtu mzima akionekana na ufa katikati ya kidevu, tabibu huyo hujua kwamba ni jeraha, wala hadhani ni kiungo cha kawaida.

Kiungo chenyewe nacho ni cha ajabu. Kichwa cha mfupa wa taya hukaa katika shimo dogo la mfupa wa panja, na kati yao pana kisahani cha gegedu ngumu kinachokigawa kiungo vyumba viwili. Katika chumba cha chini kichwa huzunguka kama bawaba ya mlango. Katika chumba cha juu kisahani na kichwa huteleza pamoja kwenda mbele. Ndiyo maana mtu apigaye miayo mikubwa mno huweza kuteguka taya: kichwa hupita mbele ya ukingo wa shimo kikashindwa kurudi, na kinywa kikabaki wazi. Mganga hulirudisha kwa kulibonyeza chini nyuma ya meno, kisha kulisukuma nyuma, njia ambayo ilijulikana tangu enzi za Wayunani. Na kwa kuwa mfupa ni mmoja, kiungo cha upande mmoja kikiumwa, cha pili nacho hubebeshwa mzigo.

Hayo yote Abdul-Latif hakuyaeleza, kwani yeye alitazama mifupa mikavu tu. Lakini ujuzi wote wa namna kiungo hicho kifanyavyo kazi umejengwa juu ya lile alilolithibitisha.

MIAKA YA MWISHO

Kitabu chake juu ya Misri alikikamilisha Cairo mnamo mwaka 1204. Baadaye aliondoka nchini humo akarudi Sham. Huko Damascus, kuanzia miaka ya 1207 na 1208, sifa yake katika tiba ilienea kuliko zamani. Kisha alihamia Aleppo, na baadaye akaishi miaka mingi Anatolia, akimtumikia mtawala wa Erzincan. Aliandika vitabu na vijitabu vingi, vikiwamo vya lugha, falsafa na tiba, na kimoja juu ya ugonjwa wa kisukari. Vingi kati yake vimepotea.

Ibn Abi Usaibia, mwanahistoria wa matabibu ambaye watu wa ukoo wake walisoma kwa Abdul-Latif, ameeleza kwamba alikuwa mtu mwembamba wa kimo cha wastani, mwenye ufasaha mwingi. Hakuficha pia ila yake: alijiona sana, akawadharau wasomi wengi wa wakati wake na hata wa kabla yake. Pengine tabia hiyohiyo ndiyo iliyompa ujasiri wa kusimama mbele ya jina la Galen. Tofauti ni kwamba katika suala la taya hakutegemea majivuno. Alikuwa na mafuvu elfu mbili.

Mwaka 1231 alikuwa njiani kwenda Makka kuhiji. Akapitia Baghdad, mji wake wa kuzaliwa, ambao hakuuona kwa zaidi ya miaka arobaini, akikusudia pia kumpelekea Khalifa al-Mustansir baadhi ya vitabu vyake. Aliugua humo, akafa mwezi wa Novemba mwaka huo, akazikwa karibu na baba yake.

YALIYOFUATA

Ugunduzi wake haukuenea. Sababu moja yapatikana katika mahali alipouweka: haukuwa katika kitabu cha tiba, ulikuwa ndani ya kitabu cha kueleza nchi ya Misri, baada ya habari za njaa. Matabibu waliendelea kusoma Galen na Ibn Sina kama walivyozoea. Mwaka 1543, huko Basel, Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels aliyefundisha Padua, alichapisha kitabu chake mashuhuri juu ya umbo la mwili wa binadamu. Humo naye alitangaza kwamba taya la chini la mtu mzima ni mfupa mmoja. Alilipata kwa kupasua maiti, bila ya kujua kwamba jambo hilo lilikwisha andikwa Cairo zaidi ya miaka 300 kabla yake. Naye alipata upinzani mkali, hata kutoka kwa Sylvius, mwalimu wake wa Paris, aliyemtetea Galen mpaka mwisho.

Hati ya mkono ya Abdul-Latif ilinunuliwa katika karne ya 17 na Edward Pococke, mtaalamu wa Kiarabu wa Uingereza, ikafika Oxford, ambako imehifadhiwa hadi leo. Joseph White aliichapisha pamoja na tafsiri ya Kilatini mwaka 1800, na mwaka 1810 Silvestre de Sacy akatoa tafsiri ya Kifaransa mjini Paris. Hapo ndipo wanavyuoni wa Ulaya walipotambua ni nani aliyetangulia.

Sisi tunaona kwamba vijana wetu wanaosomea uganga, uuguzi na sayansi nyinginezo wana la kujifunza kwa mtu huyu. Abdul-Latif hakuvidharau vitabu. Alivihifadhi tangu utotoni na kuvifundisha maisha yake yote. Lakini kitabu na mfupa vilipotofautiana aliuamini mfupa, na kabla ya kutamka alihesabu, akarudia, akawaita wengine wahesabu, akasema wazi ni wapi hana hakika. Mwanafunzi anayetaka kumfuata hahitaji kungoja vyombo vya bei kubwa. Aanze na kile kilicho mbele yake, akitazame vizuri, aandike alichokiona, na kile alichokiandika akiweke mahali ambapo wenye kukihitaji watakisoma.